Merikebu na Watu Waliomo: Je, Ni Dhambi Kuvunja Muungano?

Sisi watumishi wa Neno tumezoea kuusifu umoja. Tunausifu kwenye harusi, kwenye mikutano mikuu ya dayosisi, na kwenye ibada za kuombea taifa. Tunasema umoja ni nguvu na utengano ni udhaifu, na washarika wanaitikia amina. Ni mara chache tunaliuliza swali gumu zaidi: umoja ukishindikana, Mungu anadai nini kwetu? Je, upo wakati ambapo kuvunja muungano si dhambi? Na kama upo, yule anayeondoka anawiwa nini na yule anayebaki?

Tungependa kulitafakari swali hili kwa kuitazama nchi moja ambayo wengi wetu hatujapata kuisikia. Ilizaliwa na kufa katikati ya Vita Kuu ya Kwanza ya Dunia, nayo iliitwa Jamhuri ya Shirikisho ya Kidemokrasia ya Transkaukazia. Tumeichagua kwa sababu uhai wake ulikuwa mfupi mno, na kwa hiyo tunaweza kuutazama wote kwa mara moja, tangu kuzaliwa hadi kuzikwa.

Nchi isiyofikisha arobaini

Kusini mwa milima ya Kaukazi, kati ya Bahari Nyeusi na Bahari ya Kaspi, yanaishi mataifa mengi yaliyobanana. Makubwa ni matatu. Wageorgia ni Wakristo wa Kanisa la Orthodoksi. Waarmenia ni Wakristo wa Kanisa la Kitume la Armenia. Wa tatu ni Waislamu wasemao lugha ya jamii ya Kituruki, wengi wao Washia, ambao leo tunawaita Waazerbaijani. Wote watatu waliingia chini ya Kaisari wa Urusi katika karne ya 19, na wakakaa humo kama wapangaji wa nyumba moja ambao hawakuchaguana.

Mwaka 1917 Kaisari aliondolewa na mapinduzi yakaikumba Urusi. Askari wa Kirusi waliokuwa wakipigana na Milki ya Osmani, yaani Waturuki, waliacha mahandaki yao wakarudi makwao. Mpaka ukabaki karibu mtupu. Wenyeji wakajiundia bunge, Sejm, lililoanza vikao Februari 1918 katika jiji la Tiflis, ambalo leo ni Tbilisi. Lakini tarehe 3 Machi, kule Brest-Litovsk, serikali ya Wabolsheviki ilifanya amani na Ujerumani na washirika wake, ikakubali kuziachia Kars, Ardahan na Batumi. Watu wa huko hawakuulizwa.

Wajumbe wa Tiflis walikwenda Trabzon kujadiliana na Waosmani. Huko wakabanwa kwa hoja ambayo haikuwa rahisi kuijibu: kama ninyi ni sehemu ya Urusi, mkataba wa Urusi unawafunga, kama ninyi si sehemu ya Urusi, jitangazeni kwanza ndipo tuzungumze. Huku mazungumzo yakiendelea, majeshi yalisonga mbele. Batumi ilianguka tarehe 14 Aprili. Tarehe 22 Aprili 1918 Sejm ilitangaza nchi huru ya shirikisho, na Akaki Chkhenkeli, Mgeorgia, akawa waziri mkuu wake.

Tusilipite jambo hili haraka. Nchi ile haikuzaliwa kwa kuwa mataifa matatu yalikaa pamoja yakasema, tunataka kuishi pamoja. Ilizaliwa kwa kuwa mtu wa upande wa pili wa meza alidai muhuri. Tarehe 26 Mei Sejm ikajivunja, na siku hiyo hiyo Georgia ikajitangaza kuwa jamhuri. Tarehe 28 Mei Azerbaijan ikafanya vivyo hivyo. Tarehe 30 Mei Baraza la Taifa la Waarmenia likatoa tamko lake, lililohesabiwa kuanzia tarehe 28. Matamko yote matatu yalitolewa katika jiji lile lile la Tiflis. Kwetu mtoto mchanga hukaa ndani hadi atimize arobaini. Nchi hii ilidumu siku 34.

Hofu tatu chini ya paa moja

Ni rahisi kuwahukumu watu wale kutoka mbali. Kwanza tusikilize kilichowatia hofu, kwa maana kila mmoja alikuwa na hofu ya kweli.

Waarmenia walikuwa wakiukabili utawala ule ule ambao, tangu mwaka 1915, ulikuwa umewaangamiza ndugu zao katika Anatolia. Wakimbizi waliopona walikuwa wamejaa katika vijiji na miji yao. Kwao, jeshi la Osmani lilimaanisha mauti ya watoto wao.

Waislamu walikuwa na kumbukumbu nyingine. Mwishoni mwa Machi na mwanzoni mwa Aprili 1918, katika jiji la Baku, Wabolsheviki wakisaidiana na askari wa chama cha Waarmenia cha Dashnaktsutyun waliua maelfu ya Waislamu. Baku ilibaki mikononi mwa Wabolsheviki, na shirikisho halikupata kuitawala hata siku moja. Basi mwislamu wa Ganja aliposikia kwamba Waosmani wanakuja, alisikia kwamba mwokozi anakuja. Ungewezaje kumwambia ashike bunduki kuwapiga?

Wageorgia nao walikuwa taifa dogo lililoona bandari yake ya Batumi imekwenda, na vita vikisogea kuelekea nyumbani. Waliogopa kumezwa kwa sababu ya ugomvi ambao waliuhesabu kuwa wa wengine.

Tukiziweka hofu hizi tatu pamoja, tunaona kwamba adui wa mmoja alikuwa tumaini la mwingine. Umoja unaojengwa juu ya adui wa pamoja haukuwezekana hapo, maana adui wa pamoja hakuwapo. Umoja wa aina moja tu ungeweza kusimama, ule ambao mtu anaihesabu hofu ya mwenzake kuwa ni yake, hata kama yeye haimtishi. Huo ndio ambao haukupatikana. Siku chache tu baada ya kuwa waziri mkuu, Chkhenkeli aliagiza ngome ya Kars ikabidhiwe kwa Waosmani, pasipo kushauriana na wenzake Waarmenia, ambao ndio waliokuwa wakiilinda. Labda alidhani anaokoa amani. Lakini waliofungasha virago na kukimbia kutoka Kars hawakuwa watu wake.

Mashua iliyoshushwa gizani

Katika Matendo ya Mitume sura ya 27 tunasoma habari za merikebu iliyombeba Paulo kwenda Rumi. Watu 276 wamo ndani, na dhoruba imewatesa kwa majuma mawili. Usiku mmoja wanamaji wanahisi kwamba nchi kavu iko karibu. Wanashusha mashua ndogo kwa siri, wakijifanya wanakwenda kutia nanga upande wa mbele. Kumbe wanakimbia. Paulo anamwonya akida na askari wake kwamba hao wakiondoka, waliobaki hawataokoka. Askari wanazikata kamba, na mashua inachukuliwa na maji.

Hadithi hii imekuwa ikitumiwa kuhubiri kwamba asiondoke mtu. Ila tukiisoma mpaka mwisho tunakuta jambo ambalo mahubiri yetu hulisahau: merikebu ilivunjika. Paulo mwenyewe alikuwa amekwisha kuambiwa na malaika kwamba chombo kitapotea na watu watapona. Asubuhi merikebu ilikwama, tezi ikavunjwa na mawimbi, na watu wakafika pwani, wengine kwa kuogelea, wengine juu ya mbao na vipande vya chombo. Hakuna hata mmoja aliyepotea.

Hapa tunapata msaada kwa swali letu. Mungu hakumwahidi Paulo merikebu. Alimwahidi watu. Dola, shirikisho, chama, hata muundo wa kanisa, ni merikebu. Vyombo hivi vina thamani kubwa kwa sababu ya waliomo, na tunapaswa kuvitunza kwa bidii. Lakini hakuna andiko linalotuamuru tuviabudu. Upo wakati ambapo chombo hakifai tena, na mwenye hekima atasema hivyo. Dhambi ya wanamaji wale haikuwa kuona kwamba merikebu inakufa. Dhambi yao ilikuwa kushusha mashua gizani, kwa udanganyifu, huku wakijua kwamba wenzao hawajui kuongoza chombo.

Turudi Batumi. Mazungumzo mapya na Waosmani yalifunguliwa huko tarehe 11 Mei, na Waosmani wakadai zaidi ya yale ya kwanza. Ujumbe wa shirikisho ulikuwa mmoja kwa jina. Lakini viongozi wa Georgia walikuwa wakizungumza kando na Jenerali Otto von Lossow wa Ujerumani kuhusu ulinzi wa nchi yao, na Waislamu walikuwa na mawasiliano yao na Waosmani. Wakati huo huo, kuanzia tarehe 21 Mei, Waarmenia walikuwa wakipigana huko Sardarapat, karibu na Yerevan. Mkuu wa kanisa lao, Katolikosi Gevorg wa Tano, alishauriwa aondoke Etchmiadzin, makao ya kanisa yaliyokuwa karibu na uwanja wa vita. Alikataa kuondoka. Vita hivyo Waarmenia walishinda, na vikali bado vikiendelea ndipo nchi waliyokuwa raia wake ilipovunjwa.

Tarehe 28 Mei, katika mji wa Poti, mkataba kati ya Georgia na Ujerumani ulitiwa sahihi. Aliyeutia sahihi kwa niaba ya Georgia ni Akaki Chkhenkeli, sasa waziri wa mambo ya nje wa Georgia. Wiki moja nyuma alikuwa bado waziri mkuu wa mataifa yote matatu.

Je, mtawala aweza kuwatoa watu wake sadaka?

Hapa msomaji ana haki ya kutupinga. Atasema: ninyi wachungaji mnasema maneno mepesi. Mlitaka Wageorgia wafe pamoja na wengine ili mpate kielelezo kizuri cha mahubiri? Irakli Tsereteli, aliyezungumza kwa upande wa Wageorgia siku ile ya mwisho bungeni, alieleza kwamba umoja ulikuwa umekwisha kuvunjika wenyewe, na kwamba bunge lilikuwa likikiri tu jambo lililokwisha kutokea. Alisema kweli.

Hoja hii ina uzito, na imani yetu ya Kilutheri inaupa uzito zaidi. Mwaka 1523 Martin Luther aliandika kitabu juu ya mamlaka ya kidunia na mipaka ya kuitii. Humo alitofautisha mambo mawili. Mkristo kwa nafsi yake mwenyewe yuko tayari kudhulumiwa kuliko kulipiza. Lakini aliyepewa mamlaka hayuko pale kwa nafsi yake. Yuko pale kwa ajili ya watu aliokabidhiwa, na ni lazima awalinde. Mimi naweza kuyatoa maisha yangu. Siwezi kuyatoa maisha ya mtoto wa jirani yangu kisha nikajisifu kwamba nimekuwa na imani. Kwa hiyo kiongozi wa Georgia aliyetafuta ulinzi kwa ajili ya taifa lake hatuwezi kumwita msaliti kwa hilo tu. Alikuwa na watoto wa watu mikononi.

Ila hoja ya Luther inakata pande zote mbili. Kama mamlaka ni kwa ajili ya waliokabidhiwa, basi ni lazima tuulize ni nani waliokabidhiwa. Tarehe 22 Aprili viongozi wale walijitwika wote. Mama wa Kiarmenia wa Alexandropol na mkulima wa Kiislamu wa Ganja wakawa wamo katika kiapo chao. Mtu hawezi kuchukua dhamana siku ya muhuri na kuikana siku ya gharama, kana kwamba ile dhamana ilikuwa ya karatasi tu. Na hata baada ya muungano kuvunjwa kihalali, waliokuwa raia wenzako hawageuki kuwa watu wasiokuhusu. Bwana wetu alipoulizwa jirani ni nani, alijibu kwa habari ya Msamaria, mtu wa taifa lingine na ibada nyingine. Mpaka wa nchi hauwezi kuufuta ujirani ambao haukuanzishwa na mpaka.

Basi jibu letu ni hili. Kuvunja muungano kwaweza kusiwe dhambi. Kumwacha jirani ni dhambi, iwe muungano umevunjika au bado upo. Anayelazimika kuondoka anadaiwa mambo matatu: aseme waziwazi na mapema kwamba anaondoka, akae na aliye dhaifu zaidi kwanza, wakubaliane juu ya mipaka, njia, chakula na wakimbizi, na auache mlango bila kufuli.

Gharama ya kutogawana kwa haki

Katika Transkaukazia mambo hayo matatu hayakufanyika. Tarehe 4 Juni kila nchi ilitia sahihi mkataba wake na Waosmani, na Armenia ikabaki na eneo dogo lililozunguka Yerevan, likiwa limejaa wakimbizi. Reli ambayo kwayo chakula kingeweza kufika ilipita Georgia. Majira ya baridi yaliyofuata, njaa na magonjwa viliua watu wengi sana huko. Mipaka haikuwa imekubaliwa. Mwezi Septemba, jeshi la Osmani na la Azerbaijan lilipoingia Baku, ilikuwa zamu ya Waarmenia wa jiji hilo kuuawa kwa maelfu. Desemba 1918 Georgia na Armenia, mataifa mawili ya Kikristo ya kale, yalipigana kwa ajili ya wilaya za mpakani. Armenia na Azerbaijan zikapigania Karabakh, Zangezur na Nakhchivan.

Wahenga walisema, mwenzako akinyolewa wewe tia maji. Jeshi Jekundu liliingia Azerbaijan Aprili 1920. Armenia ikafuata Desemba mwaka huo, na Georgia Februari 1921. Kila mmoja alinyolewa peke yake. Na mwaka 1922 wale watatu waliunganishwa tena katika shirikisho moja, safari hii kwa amri ya watawala wapya, nalo likadumu hadi 1936. Swali la Karabakh halikuzikwa pamoja na wazee wale. Lilirudi na vita tangu mwaka 1988, likarudi tena mwaka 2020, na Septemba 2023 Waarmenia zaidi ya 100,000 waliyahama makazi yao huko katika siku chache.

Hata hivyo methali ile haitoshi kwa Mkristo. Inatufundisha kutia maji kichwa chetu. Haituulizi kama tumemshika mkono yule anayenyolewa.

Na Kanisa je?

Tunajiuliza kanisa lilikuwa na nafasi gani. Wageorgia na Waarmenia wote walimkiri Kristo. Lakini makanisa yao yalikuwa yametengana tangu zamani kwa sababu ya Mtaguso wa Kalkedonia wa mwaka 451, na hawakushiriki meza moja ya Bwana. Katika kila taifa, imani na ukoo vilikuwa vimeshonwa pamoja kiasi kwamba si rahisi kuona pa kuvitenganisha. Ujasiri wa Katolikosi Gevorg wa kubaki na kundi lake tunauheshimu. Tunachotamani ni kwamba pangekuwapo pia wa kwenda kusimama na kundi la mwenzake.

Sisi Walutheri tusijione tuko mbali na habari hii. Tangu mwaka 1818 hivi, wakulima wa Kilutheri kutoka Württemberg walikuwa wameishi katika nchi zile zile, katika vijiji kama Katharinenfeld huko Georgia na Helenendorf huko Azerbaijan, wakiwa na makanisa na shule zao. Mwaka 1941 serikali ya Stalin iliwakusanya na kuwahamishia mbali, wengi wao Kazakhstan, kwa kosa la kuwa Wajerumani.

Wala si lazima tusafiri mpaka Kaukazi. Ndani ya kanisa letu wenyewe jimbo huomba kuwa dayosisi, mtaa huomba kuwa usharika, na mara nyingine maombi hayo ni ya haki kabisa. Kazi imekua, umbali ni mrefu, lugha ni tofauti. Tusiwaite waasi kwa kuomba. Lakini tunapokaa kugawana, tunajua namna tunavyogawana. Tunahesabu viwanja, shule, magari, nyumba za wachungaji. Tunabishana juu ya mashamba hadi usiku. Ni nani anayesimama kuuliza juu ya mwinjilisti wa mtaa wa pembezoni ambaye posho yake ilitoka kwenye sadaka za usharika ule wa mjini unaoondoka? Ni nani anayeuliza juu ya zahanati ambayo haitajiweza peke yake, au wajane waliokuwa wakitunzwa na mfuko wa diakonia wa pamoja?

Maswali hayo yaulizwe kabla ya kura, mbele ya watu wote, na yajibiwe kwa maandishi. Ikiwa hayana majibu, tuahirishe mpaka yapate. Ikiwa tumeyajibu kwa haki na bado tunaona ni lazima tuachane, basi tuachane kwa sala, tukimwomba Mungu awafikishe pwani salama wao na sisi, na mwaka unaofuata twende kuwatembelea.